Jeraha Lilelile Kila Mara: Mwongozo Kamili kwa Mkimbiaji wa Kawaida

Ukitaka kujua nani kati ya wakimbiaji kumi ataumia mwaka huu, usianze na viatu vyao wala namna wanavyokanyaga. Waulize nani aliumia mwaka jana. Katika yote yaliyochunguzwa, kuumia huko nyuma ndiyo dalili inayojitokeza mara kwa mara kuliko nyingine zote, na mara nyingi mtu huumia palepale: kigimbi kilekile, goti lilelile, kisigino kilekile.

Si mkosi, na kwa wengi si umri pia. Maumivu huisha kabla uwezo haujarudi. Wiki tatu za kukaa bila kukimbia hutuliza eneo lililowashwa, lakini wiki hizohizo hupunguza nguvu za misuli na kuilegeza kano, ule utepe unaounganisha msuli na mfupa. Mtu anarudi barabarani hana maumivu, ila ni dhaifu kuliko siku aliyoumia, kisha anaanza na umbali uleule uliomuumiza. Baada ya wiki nne yuko tena kitandani na barafu gotini. Kinachovunja mzunguko huu ni kuijenga sehemu iliyoumia mpaka uwezo wake uzidi mzigo unaoibebesha. Hatua zifuatazo zimepangwa kwa lengo hilo.

Mzigo ni mkubwa kiasi gani

Kilomita moja kwa mwendo wa kawaida ni kama hatua 1,000, yaani kila mguu unakanyaga takriban mara 500. Kila unapokanyaga, ardhi hukusukuma kwa nguvu ya mara mbili hadi tatu ya uzito wako, na kano ya kisigino huvutwa kwa nguvu inayoweza kufika mara sita ya uzito wa mwili. Mtu wa kilo 70 akikimbia kilomita 8, kila kano yake ya kisigino inavutwa kwa nguvu ya kilo 400 hivi, mara 4,000. Ndiyo maana mazoezi mepesi ya mpira wa kuvuta pekee hayatoshi kuiandaa.

Tatizo la pili ni kwamba viungo vya mwili havikui kwa kasi moja. Moyo na mapafu huzoea ndani ya wiki chache. Misuli huongezeka nguvu kwa wiki sita hadi nane. Kano huhitaji miezi mitatu au zaidi. Mfupa nao una utaratibu wake: kwanza huondoa tishu ya zamani, ndipo hujaza mpya, na mzunguko mzima huchukua miezi mitatu hadi minne. Katikati ya kazi hiyo sehemu husika huwa dhaifu kidogo kuliko mwanzo. Kwa hiyo wiki ya tano au ya sita, pale unapojisikia mwepesi na pumzi imekaa sawa, ndipo unapaswa kujizuia zaidi. Pumzi inakuruhusu, mfupa bado.

Kabla ya yote: hakikisha si mfupa

Mengi yaliyomo humu yanakuruhusu kuendelea kufanya mazoezi hata kukiwa na maumivu kidogo. Ufa wa mfupa hauruhusu hata kidogo. Acha kukimbia na umwone daktari ukiona mojawapo ya haya:

- Maumivu yaliyo mahali padogo unapoweza kupagusa kwa ncha ya kidole kimoja juu ya mfupa.
- Maumivu yanayokuamsha usiku au yanayouma ukiwa umetulia.
- Maumivu ya kinena au ndani ya nyonga yanayozidi unaporuka kwa mguu mmoja. Hili usilisubirie, ufa wa shingo ya mfupa wa paja ukiachwa unaweza kuvunjika kabisa.
- Maumivu yanayoongezeka kila unapokimbia, na kila safari yanaanza mapema kuliko safari iliyopita.
- Kigimbi kilichovimba, chenye joto na kuuma bila sababu ya mazoezi. Huenda ni damu iliyoganda, na hiyo ni dharura.

Ujue pia kwamba picha ya eksirei katika wiki za mwanzo mara nyingi haionyeshi ufa mdogo. Ukiambiwa picha ni safi lakini dalili zote za hapo juu unazo, uliza kuhusu MRI, yaani picha ya sumaku, na usikimbie mpaka ijulikane.

Kipo kipimo rahisi kwa muundi, ule mfupa wa mbele kati ya goti na kifundo. Bonyeza ukingo wake wa ndani kutoka juu kwenda chini. Ikiwa maumivu yametapakaa eneo la sentimita 5 au zaidi, kwa kawaida ni mfupa na utando wake kuelemewa tu. Ikiwa ni nukta moja kali, chukulia ni ufa mpaka daktari aseme vinginevyo.

Hatua ya 1: tafuta siku mzigo uliporuka

Chukua daftari au rekodi za saa yako. Andika wiki sita kabla ya maumivu kuanza, kila safari na umbali wake, kisha pembeni andika: mwendo wa kasi, vilima, viatu vipya, njia mpya, ugonjwa, usiku wa kulala vibaya. Fanya hivyo kwa kila mara ulipoumia, si mara ya mwisho tu. Jeraha lililojirudia mara tatu huwa na kitu kimoja kilichotangulia mara zote tatu.

Wengi hutazama jumla ya wiki peke yake, na hapo ndipo wanapopotea. Tazama mfano huu. Mkimbiaji ana wiki mbili za kilomita 6, 6, 6 na 6, jumla 24. Wiki ya tatu kazi inambana, anakosa safari za katikati, kisha Jumamosi anakimbia 10 na Jumapili anaungana na wenzake kwa 14. Jumla bado ni 24, na ukichora mstari wa wiki kwa wiki umenyooka kabisa. Lakini safari yake ndefu ilikuwa 6, naye amekimbia 14, zaidi ya mara mbili, tena siku moja tu baada ya 10. Magoti hayajui jumla ya wiki. Yanajua kilichofanyika Jumapili.

Kanuni maarufu ya kutoongeza zaidi ya asilimia 10 kwa wiki haikuonyesha faida ilipojaribiwa Uholanzi kwa wakimbiaji wapya, katika matokeo yaliyochapishwa mwaka 2008. Uchunguzi mkubwa wa mwaka 2025 uliofuatilia wakimbiaji zaidi ya 5,000 ulielekeza kidole mahali pengine: hatari ilipanda pale safari moja ilipozidi kwa zaidi ya asilimia 10 safari ndefu kuliko zote za siku 30 zilizotangulia. Kwa hiyo namba ya kuandika juu ya daftari ni hiyo: safari ndefu kuliko zote ya siku 30. Ikiwa ni kilomita 8, kesho usizidi 8.8.

Hatua ya 2: pima mguu mmoja mmoja

Fanya vipimo hivi siku ambayo hujakimbia. Anza na mguu mzima, andika, kisha mguu ulioumia. Ukisikia maumivu makali, simama na uandike ulipofikia.

*Kuinuka kwa kisigino.* Simama kwa mguu mmoja, goti limenyooka, ncha za vidole vya mikono zikigusa ukuta kwa kuweka mizani tu. Inuka hadi juu kabisa, shuka, mara moja kila sekunde mbili. Hesabu huishia pale unaposhindwa kufika kimo kile cha mwanzo, goti linapokunjika au unapoanza kuegemea ukuta. Lenga 25. Ukiishia chini ya 20, kigimbi hakijawa tayari kwa kukimbia sana. Kosa la kawaida hapa ni kuendelea kuhesabu vile vinusu vya mwisho. Mtu anajipa 30 wakati ana 17.

*Kuinuka kwa kisigino goti likiwa limekunjwa kidogo.* Hiki kinapima msuli wa ndani wa kigimbi, ule unaofanya kazi kubwa zaidi katika kukimbia. Wengi hawajawahi kuupima kabisa.

*Kuinuka kwenye kiti kwa mguu mmoja.* Kiti cha kimo cha kama sentimita 45, mikono kifuani. Hesabu mara ngapi unainuka bila goti kuingia ndani na bila kujirusha mwili mbele. Mara 10 hadi 15 ni kiwango kizuri kwa mkimbiaji wa kawaida.

*Daraja la mguu mmoja.* Lala chali, mguu mmoja umekanyaga, mwingine umenyanyuliwa. Inua makalio. Mara 20 au zaidi. Msuli wa nyuma ya paja ukikamata mapema, umepata jibu: udhaifu uko upande huo wa nyuma.

*Kuruka papo hapo kwa mguu mmoja.* Mara 20. Kipimo hiki ni cha mwisho, na usikifanye ikiwa kuna shaka ya ufa.

Linganisha pande mbili. Tofauti ya zaidi ya asilimia 10 ni jambo la kufanyia kazi, hata kama huna maumivu leo. Tena usisahau kwamba mguu mzima nao unaweza kuwa dhaifu. Kuwa sawa kwa 14 na 14 si ushindi.

Hatua ya 3: wiki 12 za kujenga nguvu

Hapa ndipo wengi hukata kamba. Hufanya mazoezi wiki tatu, maumivu yanaisha, wanaacha. Kumbuka ratiba ya kano na mfupa iliyotajwa juu: wiki tatu hazijajenga chochote cha kudumu.

Fanya mara mbili au tatu kwa wiki, ukiacha angalau siku moja katikati. Ni vyema uyaweke siku ileile ya mazoezi magumu ya kukimbia, saa chache baadaye, ili siku nyepesi zibaki nyepesi kweli. Usifanye mazoezi mazito ya vigimbi jioni ya kuamkia safari ndefu.

Mazoezi manne yanawatosha karibu wote:

1. Kuinuka kwa kisigino ukisimama ukingoni mwa ngazi, goti limenyooka.
2. Kuinuka kwa kisigino goti limekunjwa kidogo, na libaki limekunjwa hivyohivyo mwanzo hadi mwisho.
3. Kuchuchumaa kwa mguu mmoja ukiwa umeweka wa nyuma juu ya kiti, au kupanda jukwaa la sentimita 30 hadi 40 polepole.
4. Daraja la mguu mmoja, na baadaye kuinama kwa mguu mmoja ukiwa na uzito mkononi, mgongo umenyooka.

Ongeza ubao wa ubavuni (lala kwa ubavu, kisha jiinue kwa kiwiko na ukingo wa wayo, mwili umenyooka) kwa ajili ya nyonga, sekunde 30 hadi 45 mara tatu kila upande, mguu wa juu ukinyanyuliwa utakapozoea.

Wiki ya 1 hadi 3: seti 3, yaani awamu tatu zenye mapumziko katikati, za marudio 12 hadi 15. Wiki ya 4 hadi 8: seti 4 za 8 hadi 10. Wiki ya 9 hadi 12: seti 4 za 6 hadi 8. Namba za marudio zinapungua kwa sababu uzito unaongezeka. Asiyeongeza uzito anapunguza mazoezi tu. Chagua uzito unaokuacha na marudio mawili uliyobakiza mwilini. Ukimaliza seti huku unaongea na mtu, ni mwepesi mno. Panda kwa sekunde 3, shuka kwa sekunde 3, pumzika dakika 2 kati ya seti.

Huna vyuma? Begi la mgongoni na chupa za maji zinatosha kuanzia. Lita moja ya maji ni kilo moja, kwa hiyo chupa sita za lita moja na nusu ni kilo 9, na unajua kabisa umeongeza kiasi gani wiki hii. Kwa mkimbiaji wa kawaida, kuinuka kwa kisigino kwa mguu mmoja akiwa na kilo 10 hadi 20 mgongoni mwishoni mwa wiki 12 ni lengo linalofikika.

Baada ya wiki ya nane, ikiwa vipimo vimefika na hakuna maumivu, ongeza kuruka: kamba, seti 3 za sekunde 30, mara mbili kwa wiki. Kano hukaza kwa mizigo mizito ya polepole, lakini lazima ifundishwe pia kupokea mizigo ya haraka kabla ya kurudi kwenye mwendo wa kasi.

Kunyoosha misuli tuli kabla ya kukimbia hakujaonyesha kupunguza majeraha kwa kiasi cha kutegemewa. Ukipenda kunyoosha, nyoosha. Ila kusichukue nafasi ya mazoezi ya nguvu. Kupasha mwili, dakika 5 hadi 10 za kutembea haraka na kukimbia polepole, kuna maana zaidi.

Marekebisho kwa kila sehemu

*Kano ya kisigino.* Maumivu yakiwa sentimita 2 hadi 6 juu ya mahali kano inaposhikana na mfupa, shusha kisigino chini ya ukingo wa ngazi bila wasiwasi. Yakiwa palepale kano inapoungana na mfupa wa kisigino, fanyia mazoezi sakafuni, kisigino kisishuke chini ya usawa wa vidole, kwa sababu kushuka kunaibana kano dhidi ya mfupa na kuiwasha upya. Kwa hawa, kipande cha kuinua kisigino cha sentimita 1 ndani ya viatu vyote viwili husaidia kwa wiki kadhaa. Usiache kano ipumzike kabisa. Kano isiyovutwa hudhoofika haraka kuliko inavyopona. Ukiandikiwa siprofloksasini au dawa nyingine ya jamii yake, mweleze daktari kwamba una shida ya kano, maana dawa hizo zinaweza kuidhuru na hata kuikata. Usiiache dawa bila kuongea naye.

*Unyayo, maumivu ya hatua za kwanza asubuhi.* Kunja taulo, iweke chini ya vidole vya mguu ukingoni mwa ngazi ili vipinde juu, kisha fanya kuinuka kwa kisigino: sekunde 3 kupanda, 2 kukaa juu, 3 kushuka. Fanya siku moja, pumzika moja. Anza na seti 3 za 12, baada ya wiki mbili seti 4 za 10 kwa uzito zaidi, na baada ya wiki nyingine mbili seti 5 za 8. Tegemea miezi, si siku.

*Muundi.* Wakimbiaji wapya ndio huumia zaidi hapa, na sababu kuu ni kuongeza haraka. Msuli wa ndani wa kigimbi ndio mlinzi wa mfupa huu, basi zoezi namba 2 lipe kipaumbele. Kimbia siku moja, pumzika moja. Mfupa hujibu vizuri zaidi safari fupi nyingi kuliko safari ndefu chache.

*Mbele ya goti, kuzunguka pia ya goti.* Ondoa mteremko kwanza, si umbali wote. Imarisha paja na nyonga kwa pamoja. Zoezi la kushuka polepole kutoka ngazi ya sentimita 20, kisigino cha mguu mwingine kikigusa tu sakafu, ni bora sana. Tazama kwenye kioo: goti lielekee kidole cha pili cha mguu.

*Upande wa nje wa goti.* Jeraha hili lina saa yake. Linaanza dakika fulani, karibu ileile kila safari, na ukilazimisha linakufungia goti kwa siku kadhaa. Likianza dakika ya 20, kimbia 12 hadi 15, umalize kabla halijaamka, kisha ongeza dakika 2 kila safari mbili zilizopita salama. Angalia pia miguu yako isivuke mstari wa katikati: kimbia kama vile kuna mstari barabarani na kila mguu unakaa upande wake. Barabara iliyoinama pembeni huzidisha tatizo, kwa hiyo badili upande au rudi kwa njia uliyoendea. Kwenye uwanja wa mbio, badili mzunguko ikiruhusiwa.

*Msuli wa kigimbi uliochanika.* Huwapata zaidi waliovuka miaka 40, na hurudi mara nyingi katika wiki za mwanzo baada ya maumivu kuisha. Kutembea bila maumivu si ruhusa ya kukimbia kwa kasi. Fika kwanza kuinuka mara 25 na kuruka mara 20.

*Juu kabisa ya nyuma ya paja, pale unapokalia.* Acha kuunyoosha. Kunyoosha kunaibana kano dhidi ya mfupa uleule unaouma. Anza na daraja, ongeza uzito taratibu.

Kanuni ya maumivu

Jipe alama 0 hadi 10, mara tatu: wakati wa zoezi, jioni, na asubuhi inayofuata. Kwa kano na misuli, hadi 3 ni salama. 4 hadi 5 inavumilika ikiwa imerudi ilipokuwa kufikia asubuhi. Zaidi ya 5, simama. Asubuhi ndiyo hakimu: kano huficha malalamiko yake kwa saa 24, na mtu anayejisikia vizuri njiani anaweza kuamka anachechemea. Asubuhi ikiwa mbaya kuliko jana, punguza mzigo kwa theluthi moja, usiufute. Na kama maumivu yanabadilisha namna unavyokimbia, hata yakiwa 2, safari imeisha. Ukichechemea unahamishia jeraha mguu wa pili.

Kanuni hii haiuhusu mfupa. Kwa mfupa ni sifuri.

Usinywe ibuprofeni au diklofenaki ili uweze kukimbia. Zinakuzimia taa ya onyo, na kukimbia muda mrefu ukiwa umepungukiwa maji huku umezimeza kunaweza kuumiza figo na tumbo.

Hatua ya 4: kurudi barabarani

Masharti ya kuanza: umetembea haraka dakika 30 bila maumivu, umeinuka kwa kisigino mara 20, umeruka mara 20 kwa mguu uliokuwa na jeraha. Kila safari ni dakika 30, siku moja unakimbia na moja unapumzika, mahali tambarare.

1. Tembea dakika 4, kimbia 1. Rudia mara 6.
2. Tembea 3, kimbia 2. Mara 6.
3. Tembea 2, kimbia 3. Mara 6.
4. Tembea 1, kimbia 4. Mara 6.
5. Kimbia 9, tembea 1. Mara 3.
6. Kimbia dakika 30.

Kila ngazi ifanye mara mbili ndipo upande. Asubuhi ikilalamika, rudi ngazi moja, si mwanzo. Ukienda bila kukwama, ni siku 24 hivi. Ikiwa ulikuwa na ufa wa mfupa, ngazi na muda apange daktari au mtaalamu wa fiziotherapia.

Mwendo katika ngazi zote uwe wa kuweza kuongea sentensi nzima. Kinachoharibu ngazi hizi ni namba 1 na 2: ni rahisi, mtu anaona aibu, anakimbia zile dakika moja moja kwa kasi. Anachokiumiza ni kigimbi.

Baada ya ngazi ya 6, rudisha kwa mpangilio huu: kwanza idadi ya safari, pili urefu, tatu vilima, mwisho kasi. Kitu kimoja kwa wakati, wiki mbili kila kimoja. Kupanda mlima hubebesha kigimbi na kano ya kisigino. Kushuka hubebesha goti na paja. Aliyeumia kisigino achelewe kupanda, aliyeumia goti achelewe kushuka. Mwendo wa kasi uanze na vipande 4 hadi 6 vya sekunde 20, si mashindano na wenzako.

Hatua fupi na viatu

Hesabu mguu wa kulia unakanyaga mara ngapi kwa sekunde 30, zidisha kwa 4. Ukipata 39, hatua zako ni 156 kwa dakika. Ongeza asilimia 5, yaani kama 164, kwa mwendo uleule. Hatua zinakuwa fupi, mguu unatua karibu na mwili, na mzigo wa goti na nyonga unapungua. Tumia programu ya mdundo kwenye simu, dakika 10 tu kwa kila safari mwanzoni. Usikimbilie 180 kwa sababu uliisikia mahali. Namba hiyo inategemea kasi na urefu wa miguu.

Kubadili kukanyaga kutoka kisigino hadi mbele ya wayo hakuondoi mzigo, kunauhamisha kutoka goti hadi kigimbi. Mwenye historia ya kisigino asiguse hilo.

Kuhusu viatu, chagua vinavyokukaa vizuri tangu siku ya kwanza, vyenye nafasi ya upana wa kidole gumba mbele. Vipya vianze na safari fupi, vya zamani vibaki pembeni, uvipishanishe kwa wiki mbili au tatu. Kuwa na jozi mbili tofauti na kuzibadilisha ni jambo jema, kwa kuwa kila jozi hubebesha sehemu kwa namna yake. Vingi huchoka kati ya kilomita 500 na 800. Kuhama ghafla kutoka kiatu kinene hadi chembamba sana ni kuruka kwa mzigo kama kule kwa kilomita 14.

Kulala na kula

Anayelala kwa muda wa saa tano tu anajenga kidogo kuliko anachobomoa. Lenga saa saba hadi tisa, na baada ya usiku mbovu badili mazoezi magumu yawe mepesi. Anayekimbia sana huku anakula kidogo, kwa makusudi au kwa kukosa muda, hupoteza mfupa. Mwanamke ambaye hedhi imekatika miezi mitatu bila ujauzito amwone daktari kabla ya kuongeza hata kilomita moja. Kwa mwanamume dalili ni kupungua hamu ya tendo la ndoa, uchovu usioisha na kuumia mifupa mara kwa mara.

Baada ya wiki 12

Punguza mazoezi ya nguvu hadi mara moja kwa wiki, mbili ukiwa na nafasi, lakini uzito usiushushe. Kila baada ya miezi mitatu rudia vipimo vya hatua ya 2 na uandike namba katika daftari lilelile.

Ukikosa kukimbia wiki moja, endelea ulipoishia. Wiki mbili, anza na theluthi mbili ya umbali. Wiki nne au zaidi, rudi ngazi ya 3 ya hatua ya 4 hata kama hukuwa na jeraha.

Dalili ya zamani ikichungulia, usisubiri wiki ya pili: siku hiyohiyo kata umbali nusu, ondoa kasi na vilima, endelea na mazoezi ya nguvu kwa kiwango ambacho asubuhi inakubali. Siku 14 zikipita bila nafuu, nenda kwa mtaalamu wa fiziotherapia na ubebe daftari lako, lenye safari zote, viatu na alama za maumivu za asubuhi.